Kadi kubwa, video inakwama: kisa cha herufi F

"Kaka, hii mashine uliyoniungia inashindwa na laptop ya mdogo wangu."

Dada huyu alisema hivyo kabla hatujamaliza kusalimiana. Anapiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kichen pati hapa Dar es Salaam, na kompyuta aliyokuwa anailalamikia niliiunga mimi mwenyewe, kila skrubu, mwaka na ushei uliopita. Sikumbishia. Nilimwomba alete zote mbili pamoja na diski yenye harusi inayomsumbua.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu swali lililo ndani yake naulizwa kila mara: kwa kazi ya kuhariri video, grafiki zilizomo ndani ya prosesa zinatosha, au lazima kadi ya pembeni? Wengi hulijibu kama mashindano ya ubavu, nani mkubwa kuliko nani. Mimi nami nililijibu hivyo nilipomuungia dada, na nilikosea.

Mashine yake ilikuwa na prosesa ya Intel Core i5-12400F, kadi ya NVIDIA GeForce RTX 3060 ya GB 12, RAM ya GB 32 kwa vijiti viwili vya DDR4, SSD ya NVMe (diski ya ndani yenye kasi), na madabodi ya B660. Hiyo F mwishoni mwa jina la prosesa maana yake ni kwamba grafiki za ndani zimezimwa kiwandani. Intel ilipozitoa mwanzoni mwa 2022, i5-12400F ilipangiwa dola 167, na pacha wake asiye na F dola 192. Viini 6 vilevile, nyuzi 12 zilezile (mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja), kasi ileile. Nilimwambia dada kwamba mtu anayenunua kadi ya dola mia tatu na kitu hana sababu ya kulipia grafiki ambazo hatazitumia. Kwa mtu wa gemu, ushauri huo nautoa mpaka leo na ni mzuri.

Laptop ya mdogo wake ilikuwa na Core i5-1135G7 ya kizazi cha 11, viini 4 tu, RAM GB 16, na hakuna kadi yoyote. Ina Iris Xe iliyomo ndani ya prosesa, basi.

Tuliziweka juu ya meza moja. Mradi mmoja, diski ileile ya nje, programu ileile: DaVinci Resolve Studio, ambayo leseni yake moja inaruhusu mashine mbili, kwa hiyo hatukuwa tunalinganisha matoleo tofauti. Kwenye laptop, bibi harusi aliingia ukumbini kwa mwendo laini, shela ikiburuzika nyuma yake. Kwenye mashine niliyoiunga alipiga hatua moja, akaganda, kisha akaonekana ameshafika meza kuu, huku muziki ukiendelea peke yake kama redio ya chumba cha pili. Kitone cha kijani juu ya dirisha la kutazamia kikawa chekundu na hakikurudi. Dada alinitazama. Sikuwa na jibu.

Kwanza niliishuku diski. Nilihamishia mradi wote kwenye NVMe ya ndani, nikasubiri ukopike, nikacheza tena. Ni vilevile. Laiti ningepiga hesabu kwanza, nisingejisumbua: kamera yake inarekodi megabiti 200 kwa sekunde, yaani megabaiti 25. Hata diski ya kuzunguka ya zamani inasoma zaidi ya hapo. Saa nzima ya klipu hizo ni GB 90, ambazo ni mzigo wa kuhifadhi, si wa kusoma. Kisha nikaishuku draiva ya NVIDIA, nikaiondoa yote na kuweka mpya. Hakuna kilichobadilika, na mchana ulikuwa umeshakatika.

Kilichotufungua macho ni droni. Katikati ya taimlaini ile kulikuwa na klipu mbili za droni, ukumbi unaonekana kwa juu, magari yamepangwa. Tukifika hapo, mashine ilikuwa inatiririka. Tukirudi kwenye kamera, inakwama. Nikafungua klipu zote mbili kwenye MediaInfo, programu ya bure inayosoma faili na kukwambia limetengenezwaje. Droni: H.265, biti 10, 4:2:0. Kamera: H.265, biti 10, 4:2:2. Kodeki, yaani njia ya kubana video, ni moja (H.265), biti sawa, ukubwa wa picha sawa wa 4K. Tofauti ni tarakimu ile ya mwisho.

Nikafungua Task Manager upande wa utendaji, nikaiweka pembeni video ikicheza. Kwenye klipu ya kamera, nyuzi zote 12 za prosesa zilikuwa zimegonga dari, na kwenye kadi mchoro ulioandikwa Video Decode ulikuwa umelala sifuri, mstari mnyoofu kama uzi. Kwenye klipu ya droni mchoro ule ulipanda, na prosesa ikapumua. Kisha tukatazama laptop: klipu ileile ya kamera, Video Decode ya Intel imepanda, viini 4 vya prosesa havina jasho.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya mwaka uliopita.

Kadi ya grafiki tunaitaja kama kitu kimoja, na ndani yake kuna kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Kuna viini vya hesabu, ambavyo RTX 3060 inavyo 3584, na hivyo ndivyo vinavyopaka rangi, vinavyosafisha chengachenga, vinavyotia ukungu na kupanua picha. Halafu kuna kipande kidogo kilichokaa pembeni, dekoda, ambacho kazi yake ni moja tu: kulifungua faili lililobanwa na kamera ili fremu zipatikane. Dekoda haijui hesabu nyingine. Imechongwa kiwandani kufungua aina fulani za mafundo, na fundo isilolijua hailigusi kabisa, haijaribu hata polepole. Fikiria shughuli yenye wapishi mia jikoni, moto umewaka, masufuria yako tayari, halafu magunia ya mchele yameshonwa kwa mshono ambao bawabu wa stoo hajawahi kuuona. Wapishi watakaa. Mtu mwingine ataitwa afungue magunia kwa mkono, na huyo mwingine ndiye prosesa.

Huo mshono wenyewe ni rangi. Video haihifadhi rangi kwa kila nukta, kwa sababu jicho la mtu hushika mwanga na giza kwa umakini kuliko linavyoshika rangi. Chukua nukta nne za mraba. Katika 4:2:0, nukta zote nne zina mwanga wake, lakini zinachangia sampuli moja ya kila mkondo wa rangi kati ya miwili. Katika 4:2:2 zinapata sampuli mbili za kila mkondo, yaani taarifa za rangi mara mbili. Faida yake unaiona kwenye kingo za vitu vyenye rangi kali, mathalani vazi jekundu chini ya taa nyekundu za LED, na kwenye kukata mandhari ya kijani. Gharama yake ni kwamba fremu moja ya 4K, nukta milioni 8.3, ikishafunguliwa inakuwa MB 20 na ushei, na kwa fremu 50 kwa sekunde unazungumzia karibu GB 1 kila sekunde inayotoka kwenye dekoda. Prosesa ya nyuzi 12 ikiachiwa kazi hiyo peke yake inajitahidi, ikizidiwa inaruka fremu.

Na nani analijua fundo la 4:2:2 la H.265? Intel imeliweka kwenye grafiki za ndani za laptop tangu kizazi cha 10, kile cha Ice Lake, na kwenye prosesa za mezani tangu kizazi cha 11 mwaka 2021. Teknolojia yake inaitwa Quick Sync, na yenyewe ipo tangu 2011. Kadi za GeForce RTX za mifululizo ya 20, 30 na 40 hazilijui. Hata RTX 4090, kadi ya bei ya kiwanja kwa baadhi yetu, dekoda yake inafungua 4:2:0 na 4:4:4 za H.265 na inaipita 4:2:2 kama haipo. NVIDIA ililiongeza fundo hili mwaka 2025 kwa mfululizo wa RTX 50. Kwa hiyo mashine ya dada ilikuwa na wapishi hodari, bawabu asiyeujua mshono, na bawabu anayeujua nilimwachia dukani ili kuokoa dola 25.

Kwa nini tatizo halikuonekana mwaka mzima? Kwa sababu kamera yake ya zamani, Sony a6400, inarekodi 4K ya biti 8 kwa 4:2:0 katika H.264, na hiyo RTX 3060 inaifungua bila kupepesa. Mashine ilianza "kuharibika" wiki aliyonunua Sony a7 IV na kuiweka kwenye XAVC HS, jina la Sony kwa H.265, fremu 50, 4:2:2 biti 10. Hakuna kilichoharibika kwenye mashine. Kilichobadilika ni kamera, na mtu wa kuunga kompyuta hakuulizwa, wala hakuwa ameuliza.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshauriwa atengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kuhariria, halafu mwishoni programu irudi kwenye faili halisi. Ni njia nzuri na nitairudia mbele. Lakini kwake ilikuwa inakula usiku mzima, na sasa tulijua kwa nini: ili kutengeneza proksi lazima faili halisi lifunguliwe kwanza, na aliyekuwa analifungua ni prosesa ileile iliyochoka. Kueksipoti nako vivyo hivyo. Watu wanadhani enkoda ya NVIDIA, kipande kinachobana video upya, ikiwa na kasi basi eksipoti itakuwa na kasi; fremu haiwezi kusimbwa upya kabla haijafunguliwa.

Nilimpa njia nne. Ya kwanza haina gharama: abadilishe mpangilio wa kamera kwenda 4:2:0 biti 10. Kwenye a7 IV chaguo hilo lipo, megabiti 150 badala ya 200, na kwa harusi nyingi hakuna mteja atakayeona tofauti. Namsisitizia kila mtu kwamba biti 10 ndizo za kushikilia, hasa ukipiga S-Log3, mpangilio wa Sony wa picha iliyofifia ya kupakwa rangi baadaye, kwenye kumbi zetu za mwanga hafifu, kwa sababu ngazi 1024 za kila mkondo badala ya 256 ndizo zinazoifanya ngozi nyeusi kwenye kivuli ishuke taratibu bila mistari. Ukilazimika kuacha kimoja, acha 4:2:2. Ya pili, kuongeza kadi ndogo ya Intel Arc, ambayo dekoda yake inaifungua 4:2:2. Ya tatu, kuuza RTX 3060 na kupanda hadi mfululizo wa 50. Ya nne, kubadilisha prosesa tu.

Alichagua ya nne, kwa kuwa alikuwa na harusi tatu zimeshapigwa kwa 4:2:2 na wateja wanapiga simu. Sikumwekea i5-12400 ya kawaida. Nilimwekea i5-12500, inayoingia kwenye soketi ileile ya LGA1700, kwa sababu moja ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi: grafiki za 12400, UHD 730, zina injini moja ya kufungua na kufunga video, na za 12500, UHD 770, zina mbili. Dada anapiga kwa kamera mbili au tatu kwa wakati mmoja na huhariri akiziona zote kwenye kioo. Kwa kazi hiyo injini ya pili ni mali.

Kubadilisha prosesa ni kazi ya nusu saa. Kilichobaki ndicho kinachowaangusha wengi, kwa hiyo nakieleza taratibu. Madabodi nyingi zikiona kadi ya pembeni zinazima grafiki za ndani zenyewe, kimyakimya. Mtu ananunua prosesa sahihi, anaiweka, anaona hakuna tofauti, analaani. Ingia BIOS, mipangilio ya madabodi yenyewe kabla Windows haijawaka, tafuta iGPU Multi-Monitor. Kwenye madabodi nyingine imeandikwa IGD Multi-Monitor au Internal Graphics. Iwashe. Ukirudi kwenye Windows, weka draiva ya grafiki ya Intel, kisha fungua Task Manager uhakikishe unaona GPU mbili, ya Intel na ya NVIDIA. Usipoziona mbili, usiendelee, rudi BIOS. Waya wa kioo uache kwenye kadi ya NVIDIA. HDMI ya madabodi haihitaji kuchomekwa chochote ili Quick Sync ifanye kazi.

Ndani ya Resolve Studio kuna sehemu mbili. Kwenye Decode Options weka tiki kwenye Intel Quick Sync. Kwenye Memory and GPU ondoa uchaguzi wa moja kwa moja, ichague RTX 3060 peke yake kwa CUDA (mfumo wa hesabu wa NVIDIA), na ya Intel isiwe na tiki. Ukiziruhusu zote mbili kwenye hesabu, unamfungia farasi na punda kwenye mkokoteni mmoja. Kwa wanaotumia Premiere Pro, tiki za Intel na NVIDIA ziko kwenye mipangilio ya Media, chini ya kudekodi kwa vifaa; ukibadilisha, funga programu uiwashe upya.

Tulicheza tena mlango wa ukumbi. Bibi harusi akaingia, akatembea, akafika. Kitone kijani. Kwenye Task Manager Intel ilikuwa inafungua, NVIDIA inapaka rangi, prosesa inazubaa. Dada alirudisha nyuma akacheza tena mara tatu, akaburuza kishale huku na huko, na kila alipokiacha picha ilikuwepo.

Kisha akauliza swali la haki kabisa: "Sasa kaka, si ningenunua tu prosesa bila kadi, nibaki na hela yangu?"

Nilizima mashine, nikaichomoa RTX 3060, nikachomeka HDMI kwenye madabodi. Nilitaka ajionee. Kucheza klipu mbichi, kukata, kupanga: hakuna shida, ilikuwa karibu sawa na awali. Alipoongeza nodi yake, yaani hatua ya kupaka rangi, ya S-Log3 na ya pili ya ngozi, ilianza kusuasua lakini ikavumilika. Alipowasha kisafisha chengachenga kinacholinganisha fremu za jirani (temporal) kwenye klipu za usiku, ambacho hutumia kwa sababu kumbi ni giza na ISO, wepesi wa kamera kushika mwanga, iko juu, video ikageuka kuwa picha za mnato, moja, kimya, moja.

Sababu yake iko kwenye kumbukumbu. Resolve inapiga hesabu za picha kwa desimali za biti 32, kwa hiyo fremu moja ya 4K kwenye hesabu ni karibu MB 100, na kisafishaji hicho hakishiki fremu moja bali za jirani zake pia, kabla na baada. RTX 3060 ina GB 12 zake mwenyewe, na inazisoma na kuziandika kwa GB 360 kwa sekunde. UHD 770 haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya mashine, na vijiti viwili vya DDR4-3200 vinatoa GB 51.2 kwa sekunde, za kugawana na prosesa. Ukiwa na kijiti kimoja ni nusu ya hapo, na ndiyo maana nawaomba watu wasiotaka kadi wanunue GB 8 mbili badala ya 16 moja.

Kadi ikarudi mahali pake bila majadiliano zaidi.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, namuuliza mtu maswali yangu kwanza. Kamera gani, na umeiweka kwenye mpangilio gani? Unakata na kuunganisha tu, au unasafisha, unatuliza mtikisiko, unapaka rangi nzito? Anayehariri klipu za simu na mahojiano kwa 1080p, prosesa ya Intel yenye grafiki zake inamtosha na ninamwambia asinunue kadi, aongeze RAM na diski. Anayepiga 4:2:2 ya H.265 na kufanya kazi nzito anahitaji zote mbili, au RTX 50 peke yake. Wa Ryzen nao wawe macho: 5600 haina grafiki, 5600G inazo, lakini kuwa nazo hakumsaidii kwenye 4:2:2.

Wiki mbili baadaye dada alipiga simu. Harusi mbili zimeshakabidhiwa, ya tatu imeanza kukwama tena, lakini klipu za kamera moja tu. Nilimwomba azifungue kwenye MediaInfo anisomee. Mpiga video wake wa pili alikuwa ameiacha kamera kwenye XAVC S badala ya XAVC HS: 4:2:2 biti 10, fremu 50, lakini katika H.264. Fundo hilo hata Quick Sync ya 12500 hailifungui. RTX 50 ndiyo inayolifungua. Klipu hizo tulizitengenezea proksi, zikaenda usiku kucha, na asubuhi akaendelea na kazi. Kwa kamera ya yule kijana, alikata kipande cha plasta, akaandika "HS" kwa kalamu ya wino mzito, akakibandika juu ya kitufe cha kurekodi.